Rafu Tupu na Bomba Lisilo na Lenzi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bwana Kombe, Afisa wetu wa Elimu. Mwalimu mkuu, Bwana Kamande. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Bi Jedida. Wazazi, walimu wenzetu na wanafunzi:

Mpumbavu wa siku ile nilikuwa mimi, Mwalimu Gona Dzombo wa sayansi, ninayekusomea risala hii. Siku ipi, utaisikia hapo mbele. Tumelitanguliza jambo hili kwa sababu Darasa la Nane walikataa kutia sahihi mpaka mpumbavu ajitaje kwa jina lake kamili. Sasa nimejitaja, na "mimi" inakomea hapo. Yanayofuata ni yetu sote.

MAKARIBISHO

Shikamoo, mheshimiwa. Karibu Shule ya Msingi ya Mikwajuni, hapa Kibarani. Tumekungoja tangu asubuhi, na uwanja umefagiliwa mpaka siafu wamehama. Ukiwaona watoto wanatupia macho nyuma ya gari lako, pale penye turubai, tunaomba radhi. Si utovu wa adabu. Tumewakataza, ila na sisi walimu tumeshatazama.

HISTORIA

Somo la anga lilitufikia pamoja na mfumo mpya wa masomo. Lilikuja mikono mitupu. Mwalimu alipewa kitabu kimoja, na ukurasa wenye picha ya sayari ulikuwa umechanika kabla ya kutufikia. Basi tukaingia mashambani. Jua likawa fenesi, Mshtarii balungi, Dunia ndimu, Mwezi kunazi. Zohali likawa chungwa, tukalivisha ukili wa mkeka kiunoni uwe ndio pete zake. Somo lilieleweka sana. Shida ni kwamba hatujapata hata siku moja kumaliza kipindi na sayari zote zikiwa hai. Mirihi peke yake ndiyo iliyodumu, kwa kuwa tuliifanya pilipili mbuzi.

Mwaka jana tukaambiwa mkaguzi anakuja. Hapa kwetu, mgeni mkubwa akija, jirani humwazima jirani viti, vikombe, hata kitambaa cha meza. Hakuna anayeona haya, ndivyo tunavyokaa. Sisi tukaazima vifaa vya sayansi. Tufe la dunia na chati ya sayari tukavitoa shule ya bweni ya misheni. Darubini ya miguu mitatu ikatoka hoteli moja ya Kikambala, ambako Katana, binamu yake mwalimu wa sayansi, hutunza bustani. Wageni wa hoteli huitumia kutazamia meli. Meneja alikubali, kwa sharti irudi kabla ya chai ya jioni. Tukaipanga rafu ikapendeza. Watoto tukawaambia: tazameni, msiguse.

Mkaguzi akaingia, akafurahi. Akamwita Kahindi, aliyekuwa amekaa mbele.

"Kijana, kwa darubini hii mmeona nini?"

"Tumemwona mwalimu akiipangusa vumbi, bwana."

Mkaguzi akacheka, akatushika mkono mmoja mmoja. "Hongereni! Shule nyingi hazijui kutunza vifaa namna hii."

Akaelekea kwenye Landrova yake. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa tukaliona sanduku la mbao, jipya, limeandikwa ubavuni SAYANSI YA ANGA. Akaweka kiganja juu yake. "Hili nilikuwa nimewaletea nyinyi," akasema. "Tufe, chati, lenzi, na darubini ndogo ya wanafunzi. Lakini nyinyi mmeshiba. Wacha niwapelekee wenye njaa."

Tukapiga makofi. Mheshimiwa, tulipiga makofi! Kusema kweli pale kulikuwa ni kukiri kwamba vifaa ni vya kuazima, na kila mmoja wetu akamngoja mwenzake aanze. Mwalimu wa sayansi ndiye aliyeufunga ule mlango wa gari. Akaubamiza vizuri, akaujaribu tena kwa mkono, usije ukafunguka njiani sanduku likaanguka.

Jioni darubini ikarudi Kikambala, tufe na chati vikarudi misheni. Rafu ikabaki kama utakavyoiona.

Hayo uliyoyasikia, Bwana Kamande aliyafuta mara mbili kwenye risala hii, na ana haki, maana jina la shule ni yeye anayelibeba. Mara ya tatu aliturudishia karatasi bila kufuta kitu. Tukachukua kwamba amekubali.

MAFANIKIO

Tunayo, usidhani hatuna.

Huko Ngomeni, juu ya Malindi, roketi hurushwa kutoka baharini. Redio ilipotangaza, watoto wakauliza chombo kinakaaje kule juu kisianguke. Mwalimu wa sayansi akajaza ndoo maji, akaifunga kamba, akaizungusha kwa nguvu juu ya kichwa chake, na maji hayakumwagika. Walielewa vizuri kabisa. Kisha kamba ikakatika. Ndoo ilitua ofisini kwa mwalimu mkuu, dirisha likiwa wazi, kwa bahati nzuri. Bwana Kamande akatoka amelowa, akauliza ni nani aliyefanya hivi. Easter wa Darasa la Nane akamjibu kwa heshima zote: "Ni mvuto wa dunia, mwalimu."

La pili ni bomba. Darasa la Nane wameokota vipande viwili vya bomba la maji, kimoja kinaingia ndani ya kingine na kuteleza. Ndani wamepaka masizi ya koroboi ili mwanga usichezecheze. Wamelitengenezea na miguu ya mti wa mkoko. Ni darubini kamili, imebaki lenzi tu, ya mbele na ya nyuma. Linasimama karibu na dirisha, na kila mapumziko wanapanga foleni kulichungulia hivyohivyo tupu. Tukiwauliza wanaona nini, wanasema wanaona pale lenzi itakapokaa.

MATATIZO

Katika mtihani wa majaribio wa juzi paliulizwa sayari iliyo kubwa kuliko zote. Mwanafunzi wetu mmoja aliandika: balungi. Mwingine aliulizwa sayari gani ina pete, akajibu kwamba ni ile yenye ukili. Tunasikia wasahihishaji walicheka mpaka wakaitana. Na sisi tulicheka, hatuna budi. Lakini watoto wale hawakukosea, mheshimiwa. Waliandika walichokiona.

Mtihani wa mwisho ni Novemba. Na Darasa la Nane hili la leo ndilo lilikuwa Darasa la Saba la siku ile. Ndio waliopiga makofi sanduku likiondoka, kwa sababu walimu wao walipiga. Hawana mwaka mwingine wa kungoja. Wakitoka hapa, wengi watakwenda kutafuta kazi za hoteli huko Kikambala na Mtwapa, na darubini watakayoiona itakuwa ya kumpangusia mgeni. Ndiyo maana hatutulii. Ukituona tunahamahama kwenye viti, si viti vibaya.

MAOMBI

Hatujui kilicho chini ya turubai lako. Kama ni sanduku, tunaomba lisiondoke kabla hujaingia darasani. Kama ni gurudumu la akiba, ingia vilevile.

Tunaomba lenzi mbili za bomba letu, tufe moja, na chati moja ya sayari isiyoliwa. Yakishindikana hayo yote, basi tuwekewe zamu: shule iliyopewa sanduku lile mwaka jana ituazime Ijumaa moja moja, na sisi tuwaazime bomba letu. Kuazimana tunakujua. Tunataka safari hii tuazimane waziwazi, kwa ajili ya watoto, si kwa ajili ya mgeni.

Mungu akupe afya, akuzidishie subira kwa shule kama zetu, na njia ya kurudi kwako iwe nyepesi, ikiwezekana na gari likiwa jepesi pia.

Limebaki moja, usije ukaikuta rafu ile tupu ukadhani tumeisahau. Leo asubuhi tufe la misheni lilikuwa limeshafika langoni, juu ya baiskeli. Lilikuwa limeazimwa tena, hatusemi na nani. Bi Jedida, aliyekuja na birika la chai yako, akaishika baiskeli usukani, akaigeuza ilikotoka. Bwana Kamande akamkimbilia.

"Mama, tafadhali! Mgeni akikuta rafu tupu atatufikiriaje?"

Walibishana pale langoni mpaka chai ikaanza kupoa, mmoja akivuta baiskeli huku, mwingine kule, na Darasa la Nane wote madirishani. Kisha Bi Jedida akauachilia usukani, akajifunga leso vizuri, akasema:

"Mwalimu, yule wa mwaka jana tulimwonyesha shibe, akaondoka na sinia. Huyu na aione njaa."

Ni sisi, Darasa la Nane na walimu wao,
Shule ya Msingi ya Mikwajuni, Kibarani, Kilifi.
Septemba 1988.