Aliyecheka wa Kwanza Nyuma ya Pazia

Haki ya Mungu, tena naapa kwa sauti ili na wa nyuma kabisa wasikie, hakuna neno la uongo kwenye karatasi hii, na anayebisha asimame sasa hivi, maana mdogo wa marehemu, ndiye huyu anayewasomea, aliyaona yote kwa macho yake, na yale ambayo hakuyaona alisimuliwa na marehemu mwenyewe.

Kaka yetu, mliyemjua wote kwa jina la Kicheko, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1966, wa kwanza kati ya wawili, akiwa na kilo saba, mkunga akaweka mizani chini akaomba maji ya kunywa. Alianza shule Januari 1974 akaishia darasa la sita, akiwa ametolewa nje mara mia tisa kwa kosa la kucheka, na nyumbani mama akisikia kicheko chumbani alifoka, “Nani huyo?” halafu akawachapa wote wawili, maana vicheko vyao vilifanana mpaka yeye aliyewazaa vilimshinda kuvitenganisha.

Mwaka 1991 aliajiriwa kufagia studio ya televisheni, na Jumamosi tarehe 7 Mei 1994, saa sita kasoro robo usiku, ndipo kilipoanza kile kipindi cha Tai Tatu, mtangazaji anayevaa tai tatu kwa mpigo. Mgeni wa kwanza alipiga wimbo kwa pampu ya baiskeli, ukumbi ukakaa kimya kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali, mpaka Kicheko, aliyesimama na fagio lake nyuma ya pazia, akaangua kicheko kilichokung'uta vumbi la mapazia yote, na ukumbi mzima ukamfuata. Wiki iliyofuata akawekewa kigoda palepale, kazi yake ikawa kucheka wa kwanza, akaifanya kwa kinyozi aliyenyoa amefungwa macho, kwa bibi aliyepiga filimbi kwa pua, na uso wake haukuonekana kwenye televisheni hata siku moja.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1997, saa nne usiku akamwacha bibi harusi na keki, akaenda kucheka, akarudi saa nane, shemeji yupo hapa, aulizwe. Walijaliwa watoto watatu, wa mwisho yuko kidato cha pili.

Mwanzoni mwa 2021 koo lilimsumbua, ikaonekana ni saratani, na tarehe 9 Machi madaktari wakaondoa kisanduku cha sauti, akawa hawezi kutoa hata mguno. Ofisini tukasema amepona, ila daktari amemkataza kuongea na anahitaji mtu wa kumbebea dawa, akarudi kwenye kigoda, mdogo wake akachuchumaa nyuma yake, na palipofika pa kucheka Kicheko aliinua kitambaa cheupe, mdogo wake akacheka. Mnamjua mdogo wake kwa kujisifu, lakini hapa hana la kujisifia, kucheka alijua, wapi pa kucheka hakujua, kuna siku alikitangulia kitambaa, mgeni akiwa bado anaeleza alivyofiwa na mbwa wake, Kicheko akageuka akamwandikia kwenye daftari, “Mjinga wewe, subiri.”

Jumamosi iliyopita, tarehe 2 Novemba 2024, aliinua kitambaa mara kumi na nane, Jumapili akalazwa, Jumanne tarehe 5, saa kumi na moja alfajiri, akafariki. Mdogo wake hajalia bado, uso umekufa ganzi kama ametoka kung'olewa jino.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika tangu Jumanne, na Tai Tatu na wenzake wawili wa studio mliokuja, mlijua kicheko ni cha nani na mkakaa kimya. Pumzika, kaka, kwa amani yote uliyotuchekea.

Ofisi imemwita mbeba dawa kesho Jumamosi, wamjaribu kama kicheko chake kinafanana na cha kaka yake japo kidogo, na kazi hiyo ndiyo inayosomesha mtoto. Kitambaa amekiomba shemeji jana, akasema, “Lete hapa. Miaka ishirini na saba nakaa mbele ya televisheni namsikiliza yeye tu, najua anacheka wapi.” Kwa hiyo kesho shemeji atakaa kwenye kigoda na kitambaa, mbeba dawa nyuma yake. Basi, ndugu zangu, mliyoyasikia yaishie hapa hapa, mtu asiyarudie, hata kwa mkewe.