Dada wa Kaunta Arudi Kaunta

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wetu, Meneja, wenzetu wa kufua, kukausha na kupiga pasi,

KARIBU
Karibu kwenye duka lako la dobi. Mashine ya kukausha unayoizindua leo tumeisubiri mpaka tukakata tamaa. Asante sana.

TULIKOTOKA
Tulianza na mabeseni uani, na dada wa kaunta alikuwepo. Huyo huwatambua wateja kwa mashati yao kabla ya sura. Alipotokwa na mabaka meupe mikononi, sisi mabingwa wa madoa tuliamua hapohapo kwamba ni dawa zetu za kufulia. Tukadai glavu, ukatupa. Mabaka yakapanda hadi usoni, nasi tukabaki na aibu yetu.

Daktari wa ngozi ndiye aliyetufungua macho. Ugonjwa unaitwa vitiligo. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imezigeukia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi na kuzishambulia. Ni kama mlinzi anayewapiga virungu wenye nyumba. (Mlinzi wetu hakuupenda mfano huu, tumemwomba radhi.) Hauambukizi, kwa mkono wala kwa nguo. Dada anapaka dawa na kupigwa mwanga maalumu, na kwenye paji la uso rangi imeanza kurudi.

CHANGAMOTO
Mteja mmoja alilalamika, Meneja akampeleka dada stoo, akasema ni kwa muda tu. Muda huo hauishi. Anakunja mashuka peke yake na kula peke yake, na jambo hili linatuuma sana. Nafasi yake tumepewa mmoja mmoja, na kila aliyeitwa amekataa. Si kiburi, Mgeni rasmi. Hatukalii kiti cha mwenzetu anayeiweza kazi yake. Ndiyo maana kaunta anakaa Meneja mwenyewe, na ndiyo maana juzi bwana mmoja alikwenda kazini na suruali ya jirani yake.

OMBI
Tulikuwa na maombi ya feni, viti na mengineyo. Yote tumeyaweka kando. Tunaomba dada arudi kaunta, leo. Mwenyewe alituonya: "Msiniombee huruma. Ombeni kazi yangu."

Koti ulilovua asubuhi limeshapigwa pasi. Analo yeye, amesimama kaunta, na wateja wamejipanga mlangoni wanatazama. Tunakuomba ukalipokee mkononi mwake.

Mungu akujalie afya, na moyo usiochoka kutusikia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Dobi, zamu zote mbili.