Bibi Pamba na Neno Asilolitaja

Tarehe thelathini ya mwezi huu, kengele ya mwisho ikishalia, muuguzi wa shule yetu atalivua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Tunasema "koti lake" kwa heshima tu. Yamepita makoti mengi, na yote yalichanika mahali pamoja, mfuko wa kulia, kwa kushindiliwa pamba. Mtoto akijikwaa uwanjani, yeye hufika na pamba mkononi kama aliyeichuma hewani. Wanafunzi wa kwanza walimwita Dada Pamba, waliofuata wakamwita Mama Pamba, na hawa wa sasa wanamwita Bibi Pamba. Vyeo vyote hivyo alipandishwa na watoto, wizara haikuhusika.

Mimi niliyepewa kuandika wasifu huu ni mwalimu wa muziki, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Chumba chake cha matibabu mnakifahamu: mwisho wa veranda, baada ya stoo ya mipira na chumba changu cha muziki, chenye kitanda kimoja cha chuma, pazia la maua na sufuria ya kuchemshia mikasi ambayo mgeni mmoja alidhani ni ya chai. Humo ndani ametibu magoti, meno, masikio yaliyotiwa punje za mahindi, na mwalimu wetu wa hisabati, mtu wa miraba minne, aliyezimia siku ya chanjo kwa kuona sindano, tena ya mtu mwingine. Wanaougua tumbo kila asubuhi ya mtihani huwapa dawa yake maalumu: kikombe cha maji ya uvuguvugu, na benchi lililo mkabala na mlango wa chumba cha mtihani. Kwa kawaida hupona kabla maji hayajapoa.

Lakini wasifu wa Bibi Pamba ukiishia kwenye vichekesho utakuwa umemdhulumu.

Alipoanza kazi, fimbo ilikuwa halali shuleni. Alikuwa akilowesha vitambaa kwa maji baridi na kuvifunga kwenye viganja vya watoto vilivyovimba. Siku moja katika kikao cha walimu alisimama akasema, "Nyinyi mnachapa, mimi nauguza, na mwajiri wetu ni mmoja. Sasa yeye anataka nini hasa?" Watu wakacheka, kikao kikaendelea, na fimbo nazo zikaendelea.

Miaka mingi baadaye ikaja sheria ya kuwalinda watoto. Ilikataza adhabu yoyote ya kupiga katika shule zote. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliitia sheria hiyo kwenye fremu ya kioo, akaitundika ofisini, akaamuru fimbo zote zikusanywe uwanjani na kuchomwa moto mbele ya wazazi. Aliyewasha kiberiti ni Bibi Pamba. Wanasema alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Muhula uliofuata akaletwa mwalimu mpya wa nidhamu. Alikuwa mtu safi, kucha fupi, ananukia sabuni, sauti yake laini kama ya anayembembeleza mgonjwa. Hakuna aliyewahi kumwona na fimbo wala kumsikia akifoka. Watoto walimwita Mwalimu Pole, nasi tuliona ni jina la sifa.

Tangu afike, shule ikaingia kimya.

Mimi nilihamia hapa wakati huo. Nilipita getini wakati wa mapumziko, nikaona uwanja umejaa watoto, nikadhani masikio yangu yameziba. Watoto mia kadhaa walikuwa wakicheza, mpira ukidunda, kamba ikizunguka, lakini hakuna sauti ya mtu. Hata miguu yao haikusikika. Walitembea kwa ukingo wa nyayo, kama wanaovuka sakafu ambayo haijakauka. Wageni wa kila namna walikuja kutusifu. Matokeo ya mitihani yalipanda. Kwaya niliyokabidhiwa iliimba bila kosa, na wimbo ulipokwisha ulikatika mara moja, kama uzi. Hukusikia hata mtu akivuta pumzi.

Bibi Pamba hakuzipenda sifa hizo. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nimekosa wateja. Watoto wote hawa, na hakuna anayeumwa?" Alikuwa akisimama verandani akiwatazama. Siku moja mtoto alianguka vibaya kwenye ngazi za maktaba. Bibi Pamba akakimbia na pamba yake. Mtoto alikuwa ameshainuka na kujikung'uta vumbi, damu ikimtiririka gotini, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu dukani.

Kisha akaletwa binti wa darasa la tano mwenye homa kali. Mwalimu wa darasa alimwacha mlangoni akarudi kufundisha. Bibi Pamba akamkalisha kitini, akamtia kipima joto kwapani, akamgusa paji la uso, akasema neno ambalo kila mmoja wetu angelisema:

"Pole, mwanangu."

Binti akashuka kitini. Akafungua kamba za viatu, akavipanga chini ya kitanda, soksi akazikunja na kuzitia ndani yake. Akapanda kitandani, akalala kifudifudi, akauma ukosi wa shati lake, akainua miguu yote miwili, nyayo zikitazama dari. Akatulia hivyo.

Kipima joto kilikuwa kimeanguka na kuvunjika. Bibi Pamba hakukiangalia. Alikuwa akizitazama zile nyayo. Zilikuwa na rangi ya zambarau, na juu yake michirizi, mipya juu ya ile ya zamani. Akachukua shuka akazifunika.

"Nani alikufundisha kulala hivi?" akamwuliza.

Binti akaachia ukosi, akajibu huku uso umo kwenye mto: "Nimekosea? Nilale vipi?"

Asubuhi ile ile Bibi Pamba aliingia kwa mwalimu mkuu bila kubisha hodi. Mwalimu mkuu akamsikiliza, akamwonyesha ile fremu ukutani. "Fimbo tulizichoma. Kiberiti uliwasha wewe. Hapa hapapigwi mtu."

"Mimi nimetoka kuziona nyayo, mwalimu."

"Watoto wanacheza pekupeku."

"Hawa? Hawa hawakimbii hata kwa viatu."

Akaambiwa arudi kwenye kazi yake, na kwamba kuna kituo cha mbali sana kinachohitaji muuguzi. Mama wa binti naye, alipokuja kumchukua mwanawe, alimshika Bibi Pamba mikono yote miwili na kumsihi. "Dada yangu, amekuwa wa pili darasani. Mwaka jana hakujua hata kusoma. Usituvunjie shule." Akamnyanyua mwanawe mgongoni, mkubwa vile, akaondoka naye, miguu ya mtoto ikining'inia.

Bibi Pamba alisema baadaye kwamba maneno ya mama yule ndiyo yaliyokaribia kumshinda, kuliko vitisho vya ofisini. Hata hivyo alivaa viatu vyake vya kutokea, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya ustawi wa jamii, akakaa mlangoni mpaka akasikilizwa.

Akaja afisa ustawi, dada kijana, makini. Aliomba kuingia darasa la tano. Mwalimu mkuu alimfuata. Mwalimu Pole alisimama dirishani, mikono nyuma, akitabasamu. Mimi niliitwa kutoka chumba cha pili kwa kuwa kipindi kilikuwa changu. Binti mwenyewe hakuwapo. Homa ilikuwa bado haijamwachia.

Afisa akawasalimu watoto, akawaeleza kwa upole kwamba sheria iko upande wao, kisha akauliza, "Kuna mtu anayewapiga hapa shuleni?"

"Hakuna, mwalimu!"

Walijibu kwa sauti moja. Mimi kazi yangu ni sauti za watoto. Watoto hawaanzi neno pamoja na kulimaliza pamoja namna ile bila mazoezi marefu. Afisa akauliza tena kwa njia nyingine, akapata jibu lile lile kwa mapigo yale yale. Akaanza kufunga mkoba wake.

Bibi Pamba alikuwa mlangoni. Tangu siku ya binti hakuwa amelitamka lile neno kwa mtoto yeyote, na alijua litafanya nini. Nilimwona akishika fremu ya mlango. Kisha akaingia, akasimama mbele ya ubao, akawatazama watoto wote, machozi tayari yanamtoka.

"Poleni, wanangu."

Darasa zima likainama. Zikasikika kamba za viatu zikivutwa. Vikasikika viatu vikiwekwa sakafuni, jozi kwa jozi, taratibu, bila kugongana. Halafu watoto wakapanda juu ya madawati yao, wakalala kifudifudi, wakauma kosi za mashati, wakainua miguu. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Jua la asubuhi liliingia dirishani likaziangukia zile nyayo, safu kwa safu, na rangi zake zote zikaonekana.

Mwalimu mkuu alisema "Jamani," mara moja tu. Mwalimu Pole hakuacha kutabasamu. Alikuwa akiwatazama kama mwalimu ambaye wanafunzi wake wamefaulu.

Bibi Pamba akapiga magoti kwenye dawati la kwanza. "Kaa, mwanangu. Hakuna kitu. Hakuna atakayekugusa." Akamvalisha soksi, akamvalisha viatu, akahamia kwa wa pili. Afisa ustawi akaweka mkoba chini akaanza safu nyingine. Nami nikaanza safu ya tatu. Wengine ilibidi tuwashushe miguu kwa mikono yetu, maana hawakuamini.

Polisi walifika kabla ya mchana. Katika kabati la Mwalimu Pole kilikutwa kipande cha mpira wa kumwagilia maua, kimeoshwa na kufungwa ndani ya taulo safi. Watoto walipimwa hospitali. Mahakamani walisikilizwa faraghani, wametengwa naye kwa pazia, na Bibi Pamba alikaa nao upande wao wa pazia. Walieleza kwamba kila alipotaka kuwachapa nyayo aliwaambia "Pole" kwa sauti ile laini, nao wakavua viatu. Mwalimu Pole alihukumiwa kifungo. Mwalimu mkuu alivuliwa madaraka. Hakimu alisema katika hukumu yake kwamba sheria ile haikuandikwa ili fimbo zisionekane tu. Iliandikwa kumlinda mtoto asiumizwe, kwa kitu chochote na kwa kisingizio chochote. Wazazi wengine waliacha kumsalimia Bibi Pamba. Wengine walimsalimia baada ya miaka. Yeye alimsalimia kila mtu.

Kilichobaki ni sisi na lile neno. Walimu tulikubaliana tusilitamke ndani ya uzio, nanyi mnajua ugumu wake. Mwalimu wa hisabati alijigonga goti kwenye dawati tukamtazama tu, midomo imefumbwa, akanuna wiki nzima. Wageni walijikwaa getini petu, wakapiga chafya, wakaeleza misiba yao, nasi tukawaambia "Jikaze" au "Maji haya, kunywa." Tulipata sifa mjini ya kuwa watu wasio na adabu. Tukaibeba.

Bibi Pamba hakungoja watoto wasahau. Kila Jumatatu aliingia darasa moja na beseni la maji ya uvuguvugu. Aliyetaka kuosha miguu aliosha mwenyewe. Asiyetaka alikaa na viatu vyake na hakuulizwa. Akiwa hapo aliwafundisha sheria kwa maneno ya mdomoni: hakuna mtu mwenye ruhusa ya kukuumiza, hata akisema kwa sauti nzuri, na ukiumizwa, sema, na usiposikilizwa, mwambie mwingine. Aliwafanya waseme mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti yake. Akisikia wamejibu kwa pamoja, aliwarudisha mwanzo.

Ilichukua muda mrefu. Kisha mchana mmoja mpira ulipasua dirisha la ofisi, na mtoto aliyeupiga akakimbia uwanja mzima huku akipiga kelele, wenzake wakimfuata wakicheka. Mwalimu mkuu mpya, mama mwenye hasira za haraka, alitoka na kipande cha kioo mkononi. Bibi Pamba akamzuia kifuani kwa kiganja. "Subiri kwanza, mama. Mwache akimbie." Wakasimama wote wawili wakisikiliza vishindo vya miguu.

Binti wa homa alihamishiwa shule nyingine, akakua, akawa fundi wa kushona, akapata mtoto wake. Mwezi uliopita alifika hapa, akasimama nje ya geti. Mlinzi alimkaribisha ndani, naye akatikisa kichwa, akaomba tu Bibi Pamba aitwe. Tuliwatazama kutoka chumba cha walimu. Walisimama muda mrefu upande wa barabarani. Tuliona Bibi Pamba akiongea, binti akiinamisha uso, kisha binti akamkumbatia kwa nguvu hata koti likapanda mabegani. Waliyoyasema hatukuyasikia, na Bibi Pamba hajatuambia. Alirudi chumbani kwake, akaweka maji jikoni, akachemsha mikasi.

Bibi Pamba, sasa unakwenda kukaa na dada yako mkubwa, ambaye tunaarifiwa hataki kutibiwa na mtu yeyote, hivyo hutakosa kazi. Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na watoto wa shule hii, na wale waliotoka hapa wakiwa wanatembea vizuri, tunakushukuru. Uzee wako uwe mwepesi, usingizi wako uwe mtamu, na popote utakapoketi, watoto waje wakupigie kelele.