Salamu Niliyoitoa Mbele ya Kamera

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wengine mmejibu kwa uvivu. Leo naomba mnijibu vizuri, maana jibu hilo ndilo lililonitoa kifungoni.

Naitwa Wakesho, nakaa mtaa wa Muaither. Kabla sijaja Doha nilikuwa malkia wa urembo wa kaunti yetu kule Taita. Mnaona nimenenepa kidogo, lakini taji ninalo! Usiku ule niliulizwa swali jukwaani, nikakwama. Jibu nilikuwa nimelikariri, kama tunavyofanya warembo wote, likapotea. Watu wakacheka. Taji nilipewa kwa mwendo na tabasamu, lakini tangu hapo roho ya woga ilinikaba. Nikiona maikrofoni, koo linakauka.

Hapa Doha nikapata kazi ya kuonyesha mavazi, hasa abaya, yale mabaibui ya huku. Kazi ya kunyamaza! Nikaona nimefika. Kisha kampuni ikasema haitaki tena wanamitindo wa kutembea tu. Asiyeweza kutangaza kwenye kipindi chao cha runinga, mkataba ukiisha arudi nyumbani. Ndugu zangu, nyumbani wadogo zangu wanasoma kwa jasho langu. Nililia.

Mtangazaji wa kipindi alikuwa Marva, mwanamke wa Trinidad. Kwao kisiwani alikuwa malkia wa urembo, akawa mwanamitindo, kisha mtangazaji, na sauti yake hujaza ukumbi. Nikamwomba anisaidie. Akaniandikia maneno, nami nikayakariri. Kosa lile lile!

Siku yangu ikafika, hotelini, matangazo ya moja kwa moja. Taa zikawaka, nikafungua mdomo, maneno hayapo. Marva alikuwa kando ya jukwaa. Akaniambia taratibu, "Usiwahutubie. Wasalimie tu."

Sasa mnajua sisi tunavyosalimia. Kila Ijumaa, siku yetu ya ibada hapa, mtu husimamishwa bila taarifa asalimu kanisa, na mimi mmenisimamisha mara nyingi, nikasalimu tu nikakaa. Mdomo ukafuata mazoea. Mbele ya wageni wakubwa wa Doha nikasema, kwa Kiswahili, "Bwana asifiwe."

Nikajua tiketi yangu ya kurudi imekatwa, maana huku mambo ya kanisani hayasemwi hadharani. Lakini kutoka mlangoni, walinzi na wahudumu wa meza, Wakenya na Waganda, wakaitikia kwa pamoja, "Amen." Hata hawakufikiria! Wageni wakadhani ni sehemu ya kipindi, wakapiga makofi. Nami nikacheka. Ndugu zangu, nilicheka na koo likafunguka! Nikaeleza zile abaya kama ninavyomweleza dada yangu: hii ni nyepesi, hii itakuangusha ukikosea hatua, hii nimeivaa mwenyewe na sikutaka kuivua.

Baadaye msimamizi wa kipindi akaniita. Aliuliza nilichosema, nikamwambia ukweli, kwamba ndivyo tunavyosalimiana kanisani kwetu. Akasema salamu ile nibaki nayo kanisani, ila kipindi cha wiki ijayo ni changu.

Mungu ni mwema! Leo natangaza pamoja na Marva, na sikariri kitu. Nawashukuru walioitikia siku ile. Baadhi yao wamekaa pale nyuma, bado wana sare za kazi.

Na wewe unayejificha kiti cha mwisho ukiomba usiitwe, mtumaini Bwana usimame. Maneno yakipotea, sema lile moja tu. Sisi tupo, tutaitikia.