Nangila, Aliyeshika Visigino vya Wakimbiaji

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja, Nangila Simiyu anastaafu kutoka kliniki yetu ya viungo hapa Bondeni, Nakuru. Naandika haya mimi Maina wa mapokezi, na kusema kweli moyo wangu ni mzito.

Alianza kwa kukanda migongo ya wapasuaji mbao wa Elburgon. Wakimbiaji walikuja baadaye, wakichechemea, wakilalamika kwamba hatua ya kwanza ya asubuhi ni kama kukanyaga msumari. Nangila hakuwa na miujiza. Aliwafundisha kuviringisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, akawanyoosha misuli ya miguu, akawapunguzia kilomita. Viatu vilivyolika soli alivitupa mwenyewe kwenye pipa. Mkimbiaji mmoja, Kosgei, alirudi kuvifukua, tukacheka hadi chai ikapoa.

Kuna habari ya Jepkemboi, ambayo Nangila ameniomba nisiiruke. Binti huyo aliumwa kisigino miezi minne, na mbio za mchujo zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nangila alimwambia apumzike. Jepkemboi alipiga magoti palepale.

"Madam, nifunge tu plasta. Nyumbani wote wananingoja."

Nangila akamfunga. Kilomita ya saba, kano ya wayo ikakatika. Haikupona vizuri, na Jepkemboi hakushindana tena.

Kwa miaka tisa, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Nangila alipanda Elburgon, nyumbani kwa kina Jepkemboi, kumfanyisha mazoezi. Jepkemboi aliacha gongo la kutembelea mwaka wa pili. Nangila hakuacha kwenda. Mwaka jana nilimsindikiza, nikasikia Jepkemboi akimwambia, "Madam, usikuje tena kwa sababu ya huu mguu. Kuja tu tukunywe chai."

Nangila alilia njia nzima hadi Nakuru.

Tangu mbio zile, hakuna aliyeweza kumbembeleza amruhusu kukimbia akiwa ameumia. Wapo waliomtukana wakahamia kwingine. Wengi walirudi, wazima, kumshukuru.

Anaondoka mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Vidole gumba vilivyokanda nyayo zote hizo vimekwisha. Siku hizi mimi ndiye humfungia vifungo vya koti. Hajawahi kuwaambia wagonjwa.

Nangila, asante kwa yote. Nenda ukaipumzishe mikono hiyo, nasi tutakuja kukusalimia. Mungu akupe siku tulivu, na nyingi.