Bwana Norqul na Watu Saba wa Mwambani

Tarehe 31 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi miwili, Bwana Norqul Eshonqulov anastaafu ulinzi wa lango la Hifadhi ya Qorasoy. Mimi niliyekata tiketi pembeni yake muda wote huo nimeombwa niandike sifa zake. Ameniruhusu niandike na aibu zake pia.

Aliajiriwa Machi 1994. Kwa kuwa mguu wake wa kushoto ulilemazwa na polio utotoni, aliwekwa langoni, chini kabisa, kwenye magofu ya ngome ya udongo. Michoro ya kale ambayo wageni huja kuiona imechongwa juu mwambani, nusu saa ya kupanda mawe. Norqul hakuwahi kufika huko. Hilo halikumzuia kuieleza. Aliokota maneno ya wageni walioshuka, akayaongezea chumvi kidogo kila msimu. Kufikia mwaka wa sita, katika maelezo yake, kulikuwa na wacheza ngoma arobaini na mbuzi mwenye pembe ndefu kuliko bomba la jiko letu.

Ndipo akaja Bi Muqaddas, mwalimu mstaafu kutoka mji wa Nurota, miaka sabini na mmoja, kwenye kiti cha magurudumu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umewaona wewe mwenyewe?"

"Kila siku, mama."

"Kwa viatu hivyo? Havina hata mkwaruzo. Mwanangu, nimefundisha miaka arobaini. Uongo naunusa mtoto hajafumbua mdomo."

Norqul akawa mwekundu kama nyanya, akakiri.

"Basi twende tukawaone," alisema Bi Muqaddas. "Au unaogopa watakukana?"

Waliazima mkokoteni wa punda wa jirani muuza matikiti. Punda alifika kwenye mawe makubwa akagoma. Bi Muqaddas akaagiza busati la sufu lililokuwa mkokotenini litandikwe, akakaa, akaanza kupanda kinyumenyume kwa makalio, busati akilisogeza chini yake. Norqul akafanya vivyo hivyo. Wanafunzi wa chuo kutoka Bukhara waliokuwa wakishuka walidhani ni ziara ya kidini. Wakaweka mkono kifuani kwa heshima, wakapisha njia. Mmoja wao akakaa chini, akaanza kupanda nao.

Juu mwambani kulikuwa na mbuzi mmoja mdogo na watu saba.

"Wale arobaini wako wapi?" aliuliza Bi Muqaddas.

"Wengine wameenda kunywa chai."

Mama yule alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini Norqul hakucheka. Aliwahesabu wale saba mara mbili. "Ni wachache," alisema hatimaye, "ila wapo." Ameniambia kuwa siku ile alijiona mwizi aliyewaibia wageni kitu ambacho hata yeye hakuwa nacho.

Mimi siku hiyo sikuwa zamu, na waliposhuka, lango lilikuwa wazi na mbuzi wa kijiji kizima wamejaa ndani ya ngome. Mkurugenzi wa wakati huo alidai maelezo kwa maandishi. Norqul aliandika yote: miaka sita ya uongo, punda, busati. Sote tulijua kazi imekwisha. Mwisho wa barua hakuomba msamaha. Aliomba toroli.

Barua ilikaa mezani miezi mitatu. Kisha toroli likaja, tairi halina upepo.

Kwa miaka minne, kila baada ya kufunga lango, alijenga njia ya mteremko wa taratibu kutoka langoni hadi kwenye michoro, mita mia sita na arobaini, yenye mahali pa kupumzikia kila pumzi yake ilipokatika. Alimwalika Bi Muqaddas aizindue. Mama akapanda kwa kiti chake, akatoa hukumu: "Kona ya tatu mbovu. Bomoa." Akabomoa, akajenga upya.

Tangu hapo wamepanda wenye magongo, wenye viti, wajawazito, na mkurugenzi yuleyule alipovunjika goti. Huyo alisukumwa na Norqul mwenyewe, bila kinyongo, ingawa nasikia kwenye kona ya tatu mlinzi wetu alipumzika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wiki iliyopita tulimuuliza Norqul mrithi wake awe mtu wa namna gani. Alijibu kwamba awe yeyote, mradi asipewe funguo kabla hajapanda juu.

Asante, Kaka Norqul. Nenda ukampe mkeo Oyparcha kazi ya kukuvumilia mchana kutwa. Tunakuombea afya, chai ya moto, na miaka mingi ya kwenda popote upendapo, kwa mwendo wako mwenyewe.