Siku Chui Alipopita Nje ya Tundu la Ndege

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu ambao bado naona, na msiniambie nipumzike, maana hayo mapumziko ndiyo yananijia mbio, nami nayaogopa. Nimekaa na wagonjwa wengi wakaniambia wako tayari, nikawaamini. Leo najua walikuwa wakitufariji sisi. Moyo wangu unadunda hata nikilala chali, na kila nikifumba macho nashtuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Basi sikilizeni nikiwa bado na pumzi.

Nyumba hii msiiuze. Binti yangu, chukua vyumba vya mbele na cherehani yangu; mdogo wako abaki na vya nyuma pamoja na vifaa vya saa vya marehemu baba yenu. Ua ni wenu wote, wala asijenge mtu ukuta katikati. Maneno ya ukuta nimeyasikia. Miguu imekufa, masikio bado.

Na zile daftari za kabatini zisiende kufungia maandazi. Baba yenu alizianza, fundi saa yule, mtu asiyeweza kukitazama kitu bila kukichungulia ndani. Kila tulipokwenda bustani ya wanyama aliandika mnyama gani yupo, wako wangapi, dume na jike, nani kazaa, nani jana alikuwepo na leo kibao chake kimeng'olewa. Watu walitucheka, wakasema tunawakagua wanyama kana kwamba tunawadai kodi. Alipofariki nikaendelea mimi, kwa kuwa nilipoandika "twiga jike, ana ndama," nilihisi kuna mtu nyumbani ananingoja nimsomee.

Sasa lile mnalolizunguka miaka yote nitaliingia mimi.

Ilikuwa asubuhi, watu wachache. Wewe binti ulikuwa unanifika begani. Mdogo wako alikuwa kibogoyo wa meno ya mbele. Nimeinama naandika habari za korongo, nikasikia filimbi, kisha mtunza wanyama akaja mbio, hana kofia, akaniambia taratibu, "Mama, ingieni ndani. Chui katoka." Ule upole wake ndio ulionikata maini. Akaendelea mbele kuwaonya wengine, na mdogo wako akachomoka, akaingia kwenye tundu kubwa la ndege, lile ambalo watu huingia wakatembea ndani, akasukuma komeo. Tulipofika, mlango umefungwa. Nilimwita, nikambembeleza, nikamwamuru. Alisimama mle ndani mikono kifuani, mkojo ukimtiririka miguuni, akinitazama kama mtu asiyenijua, na ndege wakiruka juu ya kichwa chake.

Ndipo chui akatokea penye kona. Hakunguruma. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomzoea nyuma ya vyuma, na wallahi huo udogo ulinitisha zaidi, maana niliona angepita popote. Nikakugandamiza wewe binti kwenye wavu wa tundu, nikasimama mbele yako, nikasikia meno yako yakigongana mgongoni mwangu. Chui alitutazama, akanusa kikapu nilichokiangusha, akapita, akaenda kulala chini ya benchi kama paka wa dukani, hata mganga wa wanyama akaja kumpiga sindano ya usingizi kwa bunduki. Jioni niliandika: chui mmoja, dume, nje. Mwandiko wa siku ile hata mimi siusomi.

Hakutugusa, lakini nyumba hii aliijeruhi. Binti yangu, neno "alitufungia mlango" umelisema siku ya harusi ya mdogo wako, umelisema juzi hapo sebuleni mkizozana habari za ukuta, na yeye hajawahi kukujibu, huinamisha kichwa tu. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hawakutuambia kwamba mwoga naye hulia, ila hulia peke yake.

Sikumwelewa mpaka nilipolala kitanda hiki. Jana daktari alipomaliza kunieleza, wewe binti uliniita. Uliniita tena na tena, ukanishika shavu. Nilikusikia. Ulimi ulikuwepo, mkono ulikuwepo, ila mimi sikuwepo, hofu ilikuwa imenitoa ndani ya mwili wangu na kuniacha pembeni nikutazame unavyolia. Mimi, mama mzima, mvi kichwa kizima. Je, nilikukataa? Basi na yule mtoto hakukukataa.

Nizikeni karibu na baba yenu, bila maneno mengi. Mkishapoa nendeni bustanini pamoja, mmoja ahesabu, mwingine aandike, na msipopatana juu ya idadi rudieni kuhesabu. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, ndio, lakini wakichelewa sana kupatana kapu nalo huoza.

Mungu awatangulie njiani, awape watoto wenye huruma, asiwakutanishe na... maji kidogo. Ahsante. Asiwakutanishe na hofu mkiwa peke yenu. Msitoke. Bado naogopa, ila mkiwepo inapungua, inakaa mbali kidogo. Binti yangu, usilie. Nyoosha mkono... hapana, si kwangu. Kwake.

Hivyo.